Mwangwi wa Cucu Teresia

Ukifika Dallas, si ile ya Amerika, hii yetu ya mjini Embu, ulizia benchi la Kanana na mtu yeyote atakuonyesha. Ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya Mwalimu Nyamu, na Kanana mwenyewe ni mimi. Nauza kahawa. Watu wa hapa wamelima kahawa tangu enzi za babu zao, wanaipeleka kiwandani, kisha wanarudi nyumbani kunywa chai. Mimi mtu wa Meru niliyeolewa Embu niliona aibu, nikaamua kuwaonjesha mazao yao wenyewe. Wateja wangu wa kila siku ni watatu. Njue tunamwita Satelaiti, kwa sababu hurekebisha redio na televisheni, na hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Mukiri ni Breki, dereva wa pikapu ya miraa, vile vijiti vya kutafuna mtu asisinzie, ya kutoka Maua; akitoka safari hulala akiwa ameketi, na huamka tu kupinga. Ndambiri ni Karani, mfanyakazi wa ofisi za mkoa, na saa za kazi ndizo hasa utamkuta hapa kwangu.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1999, jua kali, mvua bado. Asubuhi hiyo Mwalimu Nyamu alitoka nyumbani kwake vifungo vya shati vimekosana, akajitupa kwenye benchi.

Nyamu: Imekataa tena.

Hakuna aliyeuliza ni nini kilichokataa. Mtaa mzima ulijua kompyuta ya Mwalimu. Alikuwa anafundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya, na mwaka huo alinunua kompyuta kuukuu kutoka kwa mradi fulani uliokuwa unafungwa. Aliiweka chumbani, akaegemeza godoro ukutani ili sauti isirukeruke, akatundika maikrofoni kwenye henga ya nguo na kuivisha soksi. Hiyo ndiyo ilikuwa studio. Mkewe alilala sebuleni kwa sababu ya godoro, lakini hayo ni yao.

Kazi iliyomtoa jasho ilikuwa ya Cucu Teresia, bibi mmoja wa huko chini Siakago. Mjukuu wake Ednah, aliyemlea mwenyewe kwa sababu mama yake alifariki mapema, alikuwa Uingereza akitunza wazee, na miaka ilikuwa imepita bila kurudi. Binamu yake, Beth, alikuwa anasafiri kwenda huko huko kusoma. Cucu akasema, kama Beth anaenda, abebe wimbo. Ule wimbo aliokuwa akimwimbia Ednah mgongoni wakati wa kufukuza ndege shambani mwa uwele. Mwalimu alienda Siakago na kinasa sauti kidogo, akauchukua, akaja kuuingiza kwenye kompyuta. Na sasa Beth alikuwa anaondoka siku hiyo hiyo jioni.

Nyamu: Nikipiga sauti ya cucu peke yake, inatembea. Nikiongeza kayamba, inatembea. Nikiweka kwaya yangu nyuma, sauti zote nne, inaanza krr, krr, kama mtu anatafuna mahindi ya kuchoma ndani ya maiki. Halafu inanyamaza.

Breki (macho yamefungwa): Umeipakia kupita kiasi.

Satelaiti: Kompyuta si pikapu, Breki. Lala.

Breki: Kila kitu ni pikapu. Weka magunia mengi uone kama itapanda ile milima ya kwetu.

Nikamuuliza Mwalimu alikuwa amepakia nini hasa. Akanieleza kuhusu plagini. Ni programu ndogo ndogo, akasema, unazipachika juu ya sauti. Kuna ya mwangwi, ili mtu asikike kama yuko ndani ya kanisa kubwa. Kuna ya kusafisha kelele. Kuna ya kumfanya mtu mmoja asikike kama watatu.

Mimi: Na umepachika ngapi?

Nyamu (anaangalia viatu): Kila sauti na zake.

Mimi: Kila sauti?

Nyamu: Hata kayamba.

Mimi: Kayamba inahitaji kusikika kama iko kanisani?

Nyamu: Mama Kanana, wacha nimalize. Sasa prosesa, ndiyo akili ya kompyuta, inafanya hesabu ya hizo zote kwa pamoja wakati wimbo unalia. Kuna kamstari kwa skrini kananionyesha imechoka kiasi gani. Kakijaa kanakuwa kekundu. Jana kalikuwa kekundu mpaka nikaona huruma.

Satelaiti: Hiyo ni joto. Chumba chako ni mabati juu, godoro ukutani, na wewe mwenyewe unapumua ndani. Toa hiyo mashine nje ipate hewa.

Usinicheke, lakini wakati huo lilionekana jambo la maana. Dakika chache baadaye wanaume wanne walikuwa wanatoka mlangoni, wawili wamebeba ile skrini yake nzito kama jiwe la kusagia, mmoja boksi lenyewe na spika juu yake, na Karani amebeba kipanya kwa mikono miwili, henga ya maikrofoni na soksi yake ikining'inia shingoni. Waya wa stima ukapitishwa dirishani. Wakaipanga yote juu ya meza yangu ya kahawa, mimi nikasogezwa kando kama mgeni. Satelaiti akafungua kifuniko, akachungulia ndani.

Satelaiti: Mwalimu, hapa kuna vumbi la kupanda vitunguu.

Karani akaanza kuipepea na gazeti. Wimbo ukapigwa. Krr, krr, kimya. Kamstari kekundu.

Karani: Mimi nitawaambia ukweli ambao wakubwa wanaficha. Ni mwaka elfu mbili.

Satelaiti: Bado haujafika.

Karani: Ndiyo maana! Si mnasikia redioni, usiku wa mwisho wa Desemba kompyuta zote dunia nzima zitachanganyikiwa tarehe na kufa. Sasa hii imesikia. Wewe ukijua unakufa Desemba, utafanya kazi ya kwaya kwa bidii?

Breki: Mimi nikijua nakufa Desemba, nitalala tu.

Mimi: Si tayari unalala.

Satelaiti: Wote mmekosa. Shida ni lugha. Hii mashine ilitengenezwa ikisikia Kizungu. Kimbeere cha cucu ni kizito. Cucu akisema neno moja, prosesa inalipindua mara mbili kabla ya kulimeza. Mwambieni aimbe Kiingereza, mtaona kama haitateremka kama maji.

Nyamu: Cucu Teresia aimbe Kiingereza?

Satelaiti: Hata ubeti mmoja. Tupime.

Hapo Breki akafungua macho yote mawili, jambo ambalo si la kawaida kabla ya saa nane.

Breki: Mnazunguka bure. Dereva akichoka unampa nini? Muguka. Hii yenu inasinzia.

Na kabla hatujamshika mkono alikuwa ameshatoa mfukoni majani ya muguka, ndugu yake miraa, na kuyapanga juu ya kile chuma cha prosesa, polepole, kama mtu anayelisha sungura. Mwalimu alipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia akipiga hata kwenye kwaya. Akaruka, kiwiko kikagonga waya, na kompyuta ikazima.

Nakwambia, niliona machozi yakimlenga Mwalimu. Akayatoa yale majani moja moja, akapuliza ndani, akachomeka waya tena, akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikanguruma, ikaamka. Akafungua wimbo, na kale kamstari, kabla ya kuwa kekundu, kakasimama kidogo kwenye rangi ya chungwa.

Breki: Nilisema nini?

Nyamu: Wacha upuzi. Ni kwa sababu imewaka upya na sijafungua kitu kingine. Jana nilikuwa nimeacha wale samaki wa kuogelea kwa skrini. Na ule mchezo wa karata.

Karani: Kumbe wakati sisi tunaombea hiyo kompyuta wewe unacheza karata!

Nyamu alikuwa amekaa wima. Nikaona uso wake umebadilika, ule uso wa mwalimu ambaye mtoto wa nyuma kabisa amepata hesabu.

Nyamu: Si lazima ifanye hesabu zote kila mara. Ngoja. Nachukua kayamba peke yake na plagini zake. Naiambia kompyuta iiandike upya, ikiwa na mwangwi tayari ndani yake. Inabaki sauti moja ya kawaida. Halafu natoa plagini. Kuanzia hapo prosesa haifanyi hesabu tena, inasoma tu.

Karani: Kama barua. Ukishachapa, taipu inarudi kabatini.

Wote tukamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza Karani kusema kitu kinachoeleweka, na yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

Mwalimu akafanya kazi. Kayamba kwanza. Halafu kwaya: badala ya kumpa kila mmoja mwangwi wake, aliwaingiza wote wanne kwenye mwangwi mmoja, kama watu wanaoshiriki mwavuli, kisha akawaandika upya. Kila alipotoa plagini kamstari kalirudi nyuma, na Satelaiti alitangaza kama mtu anayetangaza mpira: "Kanashuka! Kanashuka tena!" Mwisho akamfikia Cucu. Alimsafisha kelele, akampa kanisa, akamfanya watatu, akaandika. Diski ikalalamika kwamba nafasi imeisha, kwa hiyo akafuta zile sauti za mwanzo ili ajipatie nafasi. Kamstari kakawa kijani kibichi. Akapiga wimbo, na wimbo ukalia kutoka mwanzo hadi mwisho bila hata krr moja.

Tulishangilia. Breki alinikumbatia, nikamsukuma. Mwalimu akakimbia ndani kutafuta kaseti tupu, akatuachia wimbo ukizunguka kwenye spika.

Ndipo akaja mama mmoja mzee, mwembamba, na fimbo, kitambaa kichwani na bandeji nyeupe juu ya jicho moja. Ilikuwa siku ya kliniki ya macho, na watu wa kliniki hupitia kwangu mara nyingi. Hakuna aliyemjua. Akaketi mwisho wa benchi, akaomba kahawa yenye maziwa mengi. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande.

Mama mzee: Huyu anayeimba ni nani?

Satelaiti: Huyo, cucu, ni mwimbaji mkubwa sana wa Mbeere. Mimi ndiye nimemtengeneza.

Mama mzee: Anaimba vizuri. Lakini ana shida gani?

Satelaiti: Shida?

Mama mzee: Ametumbukia kisimani.

Breki akacheka mpaka akashika tumbo. Mama mzee hakucheka. Kwaya ikaingia, akainua fimbo kidogo.

Mama mzee: Na hao wamemfuata huko chini kumtoa?

Mwalimu akatokea mlangoni na kaseti mkononi, na kaseti ikamponyoka.

Nyamu: Cucu Teresia!

Akaja mbio, akamsalimu kwa mikono miwili, akamuuliza kuhusu jicho, kuhusu safari, kuhusu mbuzi. Cucu alijibu yote kwa utaratibu. Jicho litapona, mbuzi wazima, alikuwa amekuja kuona kama wimbo wa mtoto wake uko tayari. Kisha akanyoosha kidole kwenye spika.

Cucu: Huyo ni mimi?

Nyamu: Ni wewe, cucu. Nimekupamba kidogo.

Cucu akasikiliza tena mpaka mwisho wa ubeti. Alikunywa kahawa. Alifuta mdomo kwa pembe ya kitambaa.

Cucu: Wimbo niliujua. Nikawa najiuliza, mwanamke huyu amejifunzia wapi wimbo wa nyumbani kwangu. Sasa Mwalimu, kama mimi mwenye sauti sikujijua, Ednah atanijuaje?

Satelaiti akainua kidole, akafungua mdomo, akakishusha kidole. Karani aliangalia saa na kusema kitu kuhusu ofisi, lakini hakuinuka. Breki aliangalia barabara. Mwalimu alikuwa amesimama na ile kaseti iliyoanguka, anaipangusa vumbi, anaipangusa, mpaka nikaona ataimaliza kwa kuipangusa.

Nyamu (kwa sauti ndogo): Ile ya kwanza nimeifuta, cucu. Na kaseti ya Siakago nimeshainasia mazoezi ya kwaya. Beth anakuja sasa hivi.

Nilidhani mama wa watu atalia. Kutoka Siakago kwa jua lile, jicho moja limefungwa, aje kuambiwa kwamba sauti yake imepotea kwa sababu ya kusafishwa. Lakini aliweka kikombe chini, akajivuta kwenye benchi.

Cucu: Kwani mimi si niko hapa? Mdomo ninao. Leta hicho kisoksi chako.

Hapo ndipo utajua watu wangu wa benchi si bure. Satelaiti akashika henga ya maikrofoni mbele ya cucu. Breki akaenda akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono, akazuia baiskeli, mkokoteni wa maji na ng'ombe mmoja. Kulikuwa na kinyozi ng'ambo ambaye redio yake haizimwi hata kwa mazishi. Karani alivuka, akavaa ile sauti yake ya ofisi ya mkoa, akasema kuna shughuli rasmi inaendelea. Redio ikazimwa. Mimi niliepua sufuria ili isibubujike.

Mwalimu akafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta, sauti moja tu, bila kwaya, bila kayamba. Kamstari ka prosesa kalilala chini kama paka. Halafu nikaona mkono wake unatambaa na kipanya kuelekea kwenye mwangwi, mazoea tu, nikampiga vidole kwa kijiko cha sukari.

Cucu akasafisha koo. Kwanza aliongea. Alimwambia Ednah kwamba jicho limeshughulikiwa, kwamba yule mbuzi mwenye doa amezaa pacha, kwamba asile vitu vya baridi asubuhi. Kisha akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ina mikwaruzo, mahali pengine pumzi iliisha kabla ya neno na akalirudia bila haraka. Pale wimbo unapofukuza ndege alifanya "shhh! shhh!" na kurusha mkono wake, na mimi nikaona uwele umesimama pale Dallas barabarani, na mtoto mgongoni anapiga vigelegele. Nilimkumbuka mama yangu huko Meru. Breki, aliyekuwa amempa mgongo akikabiliana na ng'ombe, hakugeuka kwa muda mrefu hata baada ya wimbo kuisha.

Katikati, kijana wa mkokoteni alipaza sauti akauliza kama barabara imefungwa milele. Iliingia kwenye wimbo. Mwalimu alikunja uso, akamtazama cucu.

Nyamu: Turudie?

Cucu: Hata kelele za watu wa nyumbani Ednah amezikosa. Wacha.

Beth alipokuja, mizigo yake ikiwa kwenye gari linalomngoja, kaseti ilikuwa tayari. Alimkumbatia cucu, akaitia kaseti ndani ya soksi ya sufu katikati ya nguo zake, akaondoka. Mwalimu akarudisha mashine chumbani. Ile nyingine yenye kisima haikufutwa. Satelaiti aliiomba, na mpaka leo husema ndiyo kazi yake bora.

Januari ikafika. Hakuna kompyuta iliyokufa, na Karani alikasirika kama mtu aliyedanganywa. Ilipofika Machi, Mwalimu alipokea kwa posta bahasha nene kutoka Uingereza. Ndani mlikuwa na kaseti. Hakuifungua. Alituma ujumbe Siakago na mwenda sokoni, na Cucu Teresia akaja, macho yote mawili wazi, akaketi mahali pale pale. Satelaiti akaleta redio yake kubwa.

Tulisikia kwanza maji yakidondoka kwenye sinki, na gari likipita mbali. Kisha sauti ya msichana mkubwa. Alisema kwamba aliisikiliza kaseti jikoni akiwa bado na koti, akaisikiliza tena na koti, na wale anaokaa nao walisikia kilio wakaja kumuuliza nani amekufa. Akasema, "Cucu, nilicheka, hakuna aliyekufa." Akasema amejaribu kuuimba wimbo na sasa ataimba, asichekwe.

Satelaiti alitaka kusema kwamba hayo maji yangeweza kusafishwa. Nilimtia andazi mdomoni.

Ednah akaimba. Alienda vizuri ubeti wa kwanza. Wa pili alianza, akasita, akatafuta neno, halikuja, akabaki anavumisha tuni peke yake kule jikoni kwake. Na Cucu Teresia, ameegemea redio ile kwa sikio moja, akaliweka neno. Akaweka na linalofuata. Wakaenda hivyo, mmoja na tuni, mwingine na maneno, mpaka Ednah akafika mahali alipopakumbuka na wote wawili wakapanda pamoja.

Kaseti ikaisha kwa kishindo kidogo.

Cucu: Rudisha nyuma.

Satelaiti akarudisha, mdomo umejaa andazi. Na kila ilipofika pale penye kusita, cucu aliliweka neno lake. Tuliirudisha mpaka kahawa yangu ikaisha, na siku hiyo hakuna aliyeniuliza kama kuna nyingine.